Tairi Juu ya Itale: Mchezo wa Baiskeli na Ilimu ya Miamba kati ya Jinja na Mbale

Msafiri atokaye Jinja kwenda Mbale kwa njia ya Iganga na Tirinyi, mwendo wa takriban kilomita 150, hukata kwa saa chache umri wa ardhi ambao akili ya binadamu huona uzito kuupima: huanza juu ya miamba iliyogeuzwa kwa joto na mkandamizo yapata miaka bilioni 2 iliyopita, akapita juu ya itale kongwe kuliko miamba hiyo, iliyofunikwa na udongo wa mashamba ya Busoga na Bukedi, na akaishia chini ya ukuta wa Wanale, ambao ni ubavu uliochongwa wa Elgon, volkano iliyotapika zaha na majivu yapata miaka milioni 20 iliyopita na ambayo sasa imezimika. Nchi ya namna hii ni chuo kilicho wazi kwa watu wa aina mbili ambao aghalabu hawakai baraza moja: mwanafunzi wa jiolojia, ambaye kazi yake ni kuuliza jabali limetoka wapi, na mpanda baiskeli wa mchezo wa traiali, ambaye kazi yake ni kuuliza kama jabali hilo hilo litamshika au litamwangusha.

Vijana wa miji hii miwili waliojaliwa nafasi ya kusoma jiolojia katika Chuo Kikuu cha Makerere, na ambao tangu utotoni wamezoea kurukaruka kwa baiskeli juu ya mawe ya kandokando ya Naili au ya chini ya Wanale, huja kwetu walimu wakiuliza kama hawana budi kuacha kimoja ili wakipate kingine. Jawabu langu ni kwamba mambo hayo mawili ni ilimu ya kitu kimoja, nacho ni uso wa mwamba na tabia yake ya kushika na kuachia. Na kwamba kinachohitaji kupimwa kwa uangalifu si saa za mchana, kama wengi wanavyodhani, bali ni mwili ambao ukivunjika huzizuia kazi zote mbili, na jicho ambalo michezo hulizoesha kukata shauri upesi ilhali ilimu hulitaka likawie.

Mchezo wenyewe si wa mbio. Mchezaji huwekewa njia fupi iliyozungushiwa utepe, ndani yake mna mawe, magogo na kingo za kupanda na kushuka, akapewa muda mfupi, kwa kawaida dakika 2, wa kuipita yote akiwa juu ya baiskeli. Na kwa kanuni za asili, kila agusapo chini kwa mguu huandikiwa pointi 1 ya adhabu, na akishindwa kabisa huandikiwa 5, hata mshindi akawa ni yule mwenye pointi chache kuliko wenzake. Chimbuko lake ni Catalonia, nchini Hispania, katika miaka ya 1970, pale Pedro Pi, mpanda pikipiki mashuhuri wa michezo ya namna hii, alipomtengenezea mwanawe Ot baiskeli ya kujifunzia yale yale aliyoyafanya baba kwa mashine. Na tangu 1986 shirikisho la baiskeli la dunia limekuwa likiandaa mashindano ya ubingwa wake. Baiskeli ya mchezo huu huwa fupi na nyepesi, haina kiti cha kukalia, breki zake hushika kwa kidole kimoja, na tairi zake pana hutiwa upepo kidogo ili mpira uzame katika mabonde na vilima vidogo vya uso wa jiwe.

Baiskeli tuliyoizoea sisi mashariki ya Uganda ni ya kazi nyingine. Biashara ya bodaboda ilianzia kwa baiskeli mpakani Busia, kabla pikipiki hazijaingia, na hadi leo mikungu ya matoke na magunia ya kahawa hushuka kutoka milima ya Bugisu juu ya baiskeli nzito za chuma, zikiongozwa na wanaume ambao nguvu na ustadi wao wa kuzizuia katika mteremko wa utelezi ungemfanya bingwa yeyote wa ng'ambo asimame kuwatazama. Lakini baiskeli hizo ni ndefu mno na breki zake za vyuma si za kuaminiwa juu ya jabali, kwa hiyo kijana wa Jinja au wa Mbale huanza kwa baiskeli ya milimani iliyokwisha kutumika, akaishusha kiti hata mwisho, na kumwomba fundi amfungie breki zilizo bora kuliko zilizokuja nayo. Wala si aibu kuanza hivyo, kwa maana Hans Rey, mmoja wa mabingwa wa kwanza wa mchezo huu, alijipatia jina hasa kwa kuyahamisha maarifa ya traiali na kuyatia katika baiskeli ya kawaida ya milimani. Na ni yeye, pamoja na Danny MacAskill na Gerhard Czerner, aliyekuja Afrika Mashariki katika miaka ya 2010 akapanda na kushuka Mlima Kenya na Kilimanjaro kwa baiskeli, milima ambayo ni jamaa ya Elgon kwa asili, ingawa ni midogo kwake kwa umri.

Huyo MacAskill ni mzaliwa wa kisiwa cha Skye, huko Uskoti, na katika filamu yake fupi ya 2014 alipanda kwa baiskeli kilele chembamba cha milima ya Cuillin ya kisiwa hicho. Watazamaji walistaajabia ujasiri wake, nao walikuwa na haki. Walakini mwanajiolojia huona katika picha zile jambo la pili, nalo ni gabro. Milima ile kwa sehemu kubwa ni gabro, mwamba uliopoa polepole chini kabisa ya ardhi, hata fuwele zake zikapata wasaa wa kukua zikawa kubwa na zenye ncha, na kwa sababu hiyo uso wake ni mkwaruzo unaomshika mtu hata mvua ikinyesha. Ndani ya gabro hiyo imepenya mishipa ya basalti, ambayo kwa kemia yake ni ndugu wa tumbo moja na gabro, ila ilipoa kwa haraka, fuwele zake zikabaki ndogo zisizoonekana kwa macho, na uso wake ukawa laini. Nayo inapolowa, wapanda milima wa huko huihadhari. Basi kinachoamua kama tairi itashika au itateleza juu ya kilele kile si aina ya uji uliotoka ardhini, maana ulikuwa mmoja, bali ni muda uliochukua kupoa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa jambo hili ubaoni kwa maneno ya ukubwa wa chembe na mwendo wa kupoa, na wengi hulikariri wasilifahamu. Mpanda baiskeli hulifahamu kwa viganja vyake kabla hajajua majina.

Inafaa hapa nieleze msuguano, kwa kuwa ndio kitovu cha maneno yote yanayofuata. Ukichukua nguvu inayotakiwa kukitelezesha kitu, ukaigawa kwa nguvu inayokikandamiza juu ya kile kilichokibeba, unapata namba, na namba hiyo ni sawa na tanjenti ya pembe ya mteremko ambamo kitu hicho kitaanza kuteleza chenyewe: namba ikiwa 0.6, pembe ni digrii 31, ikiwa 0.85, ni digrii 40; ikiwa 1, ni digrii 45. Katika mwaka wa 1978 mtaalamu James Byerlee alikusanya vipimo vingi vya maabara vya mwamba unaoteleza juu ya mwamba, akaonyesha kwamba, mkandamizo ukiwa mdogo, takriban miamba yote hukaribia namba moja, 0.85, iwe ni itale, iwe ni chokaa au mchanga ulioganda, isipokuwa kwamba udongo wa mfinyanzi hauingii katika jumla hiyo, bali huwa chini yake, na baadhi yake huwa chini sana. Kanuni hiyo hutumiwa na wanaochunguza matetemeko ya ardhi, maana tetemeko ni mwamba unaoteleza juu ya mwamba katika ufa. Mpira wa tairi una desturi yake tofauti kidogo, kwa kuwa hupinda na kujijaza katika vishimo vya uso, na hivyo hufaidika na ukali wa jiwe kuliko jiwe jingine lingavyofaidika. Lakini ile sehemu ya mwisho, ya kwamba mfinyanzi huvunja kanuni, ni kweli kwa tairi na kwa mlima mzima sawasawa, nami nitairudia nitakapofika Mbale.

Tuanze na Jinja. Mpelelezi Mwingereza Speke alipofika hapo tarehe 28 Julai 1862 aliona maji ya ziwa yakimwagika juu ya kizingiti cha mwamba, akayaita Maporomoko ya Ripon, ingawa wenyeji walikuwa na majina yao tangu zamani. Kizingiti kile kilikuwa cha amfiboliti, mwamba mweusi mzito ambao asili yake ni miamba ya moto ya kale iliyozikwa, ikapikwa upya na kukandamizwa hata madini yake yakajipanga upande mmoja. Ugumu wake ndio uliolizuia ziwa lote lisishuke. Ziwa lenyewe lilipata umbo lake pale ardhi ya magharibi ilipoinuka kandokando ya Bonde la Ufa, ikaipindua mito ya Kafu na Katonga iliyokuwa ikienda magharibi, maji yakakosa njia yakatuama. Na yapata miaka 17,000 iliyopita lilikauka, likajaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita, na ndipo maji yalipokuja kufurika juu ya kizingiti cha Jinja na kuteremka kuwa Naili tuijuayo. Katika 1954 bwawa la Owen Falls, ambalo leo ni Nalubaale, lilifunguliwa, na Ripon ikazama. Katika 2011 maporomoko ya Bujagali nayo yakazama nyuma ya bwawa jipya. Sina budi kusema kwamba nasikitika kila niyakumbukapo mawe ya Bujagali, kwa sababu yalikuwa kitabu kilichosafishwa na maji usiku na mchana, na kizazi kijacho cha wanafunzi kitakisoma katika picha tu.

Yaliyobaki juu ya maji yana mafunzo mawili kwa mpanda baiskeli. La kwanza ni mpangilio wa madini ndani ya mwamba: amfiboliti na miamba geu mingine ya Jinja hupasuka kwa kufuata tabaka zake nyembamba, ambazo mara nyingi zimeinama kwa pembe kubwa, hivyo anayezikata kwa mapana hupata ngazi ndogo ndogo za kushikia, na anayezifuata kwa urefu huona gurudumu likiingia katika mfereji na kupelekwa lisikotaka. Mwanafunzi hupima jambo hili kwa dira na kipimapembe, akaandika mwelekeo na mwinamo; mpanda baiskeli hulipima kwa gurudumu la mbele; na huyo aliye wote wawili hujikuta akitabiri mwinamo kabla ya kutoa dira mfukoni. La pili ni kwamba mwamba uliosuguliwa na mto ukapata na ukoga wa kijani hauna fadhila kwa mtu yeyote, hata uwe mgumu namna gani. Karibu na maji yaendayo kasi, kama yale ya maporomoko ya Itanda, hapana ujuzi unaotosha kulipia kosa moja, na pale mchezo hauna mahali.

Kaskazini ya Mbale, katika nchi ya Kumi, mna itale iliyochomoza katikati ya tambarare kwa vilima vya mviringo na mabonge yaliyopandana, na kwa maoni yangu hapana jabali linalomfaa mwanafunzi kuliko hili. Itale ni kwazi, feldispa na mika. Hewa na mvua huigeuza feldispa polepole kuwa mfinyanzi unaooshwa na kuondoka, bali kwazi haiozi. Kwa hiyo katika uso wa itale uliokaa sana juani chembe za kwazi husimama juu ya nyingine, na tairi yenye upepo mdogo huzishika kwa namna ambayo humpa hata anayeanza imani. Hatari yake imejificha: itale iliyozaliwa chini ya mzigo mkubwa wa ardhi, mzigo huo ukiondolewa, hutanuka na kubanduka maganda mapana yanayolingana na umbo la kilima, na baadhi ya maganda hayo hukaa mahali pake yakionekana imara ilhali chini yake mna nafasi. Dawa ni kuligonga ganda kwa kisigino au kwa nyundo kabla ya kulirukia, na kusikiliza. Sauti kavu ya mkato ni ya jabali lililoshikana. Sauti ya uwazi ni ya ganda litakaloondoka pamoja nawe. Na huko Nyero, ambako watu wa kale walichora katika kuta za itale duara ndani ya duara kwa rangi nyekundu na nyeupe, tairi isikaribie kabisa. Mpira huacha weusi, vumbi na jasho hula rangi, na michoro hiyo haina wa kuirejesha. Aidha majabali mengi ya nchi ile ni mahali pa ibada na matambiko, na ruhusa ya wenyeji huombwa kabla ya baiskeli kushushwa, si baada ya watu kukusanyika.

Udongo mwekundu wenye chuma ulioganda, ambao barabarani tunauita marami, una kokoto za mviringo zinazoviringika chini ya tairi kama kunde zilizomwagwa sakafuni, na mengi zaidi ya hayo hayahitaji kusemwa. Mwamba wa Tororo, ule unaoonekana kutoka mbali na ambao kandokando yake kiwanda cha saruji kilipata malighafi yake, ni kabonatiti, mwamba wa asili ya moto, kitu adimu duniani: uji wa volkano ulioganda ukawa chokaa. Tone la tindikali hafifu huufanya utoe mapovu. Kalisiti yake ina ugumu wa 3 katika mizani ya Mohs, apatiti iliyomo ina 5, na kwa hiyo mvua huila kalisiti na kuziacha punje ngumu zimesimama. Ni uso mzuri kwa vidole na tairi, ila kingo zake huvunjika upesi.

Sasa nije kwa saa na siku, kwa kuwa ndilo swali ambalo vijana huliuliza kwanza, ingawa mimi nimeliweka nyuma. Muhula wa kwanza wa chuo huanza Agosti ukaisha Desemba, wa pili huchukuliwa kuanzia Januari hadi Mei, na kazi za nyanjani huwekwa aghalabu Juni na Julai. Mvua za mashariki ya Uganda hunyesha sana Machi hadi Mei, na tena kuanzia Agosti hadi Novemba, basi kipindi kikavu cha kweli ni mwisho wa Desemba hadi Februari. Mwenye kuitazama kalenda hiyo kwa utulivu ataona kwamba mbingu na chuo zimekwisha kumgawia: likizo ya mwisho wa mwaka ni ya majabali, miezi ya mvua ni ya maabara na vitabu, na miezi ya nyanjani haitaki mchezo hata kidogo, kwa sababu mtu aliyetembea kutwa na mfuko wa sampuli mgongoni, akichora ramani ya miamba, hana miguu ya kurukia jioni, na kwa hakika aumiaye huumia jioni.

Ndani ya muhula, mazoezi mafupi ya kila siku hushinda zoezi moja refu la Jumamosi. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885, alipojipima mwenyewe kukariri silabi zisizo na maana, kwamba masomo yaliyotawanywa katika siku nyingi hukaa kuliko yaliyorundikwa siku moja. Na baadaye ikadhihirika kuwa mwili nao hujifunza hivyo, na kwamba usingizi ni sehemu ya mafunzo. Mtu anayejifunza kusimama tuli juu ya magurudumu mawili kwa dakika chache uani, kisha akaingia ndani kupitia majina na tabia za madini, kisha akalala vya kutosha, atakuwa ametumia kanuni moja kwa kazi mbili. Anayekesha kwa mtihani na kwenda kuruka ukingo asubuhi ameiharibu mitihani yote miwili.

Lakini lililo zito kuliko wakati ni mwili. Jiolojia ni kazi ya mikono: kipande cha mwamba husagwa hata kibakie na unene wa milimita 0.03, nuru ipite ndani yake, kisha kikawekwa chini ya hadubini ambayo meza yake huzungushwa kwa vidole huku madini yakibadilika rangi, na mkono uliovunjika kifundo hauwezi kazi hiyo kwa wiki nyingi. Kofia ngumu, glavu na vikinga vya magoti na miguu si mapambo. Martyn Ashton, aliyekuwa bingwa wa traiali wa Uingereza na mtu wa maarifa makubwa, aliumia uti wa mgongo katika onyesho la 2013, akapooza miguu. Nalitaja jambo hili kwa heshima yake, na ili kijana asidhani kwamba ustadi humtoa mtu katika hatari. Kanuni ninayowapa wanafunzi ni kwamba wakati wa masomo wapande jabali walijualo tu, kwa urefu walioushinda zamani, na majaribio mapya yangoje likizo.

Kuhusu jicho, nina ushauri mmoja ambao nimeuona ukizaa matunda. Mpanda baiskeli hukata shauri kwa pumzi moja, naye husifiwa kwa hilo. Mwanafunzi wa miamba anayekata shauri kwa pumzi moja huandika itale mahali pa nisi, mwamba geu unaofanana nayo, na kupotosha ramani nzima. Ili tabia hizi zisigombane, daftari la nyanjani na liletwe katika mchezo: kabla ya kupanda, andika aina ya mwamba, ukubwa wa chembe, pembe ya mteremko kwa kipimapembe, ukavu au ulowevu wake, na unachotarajia tairi itafanya, panda, kisha andika lililotokea, hasa lilipopinga ulilotarajia. Mchezo hugeuka kuwa majaribio ya kweli, na mwanafunzi hupata polepole mazoea ya kuutilia shaka uso wa kitu. Mazoea hayo yana thamani hata mjini. Tarehe 14 Agosti 1992 kimondo kilipasuka juu ya Mbale, kikanyesha mawe katika mitaa na mashamba, na kipande kidogo cha gramu chache, kilichopunguzwa kasi na majani ya mgomba, kikamgonga mvulana kichwani bila kumdhuru. Mawe yale, yenye umri wa karibu miaka bilioni 4.5, yana ganda jeusi la kuungua na chuma kinachovutwa na sumaku. Na mtu anayeyajua mawe ya mji wake moja moja ndiye atakayemtambua mgeni.

Na Mbale ndipo ilimu hii inapoacha kuwa burudani. Ukuta wa Wanale, unaopanda zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, si mwamba mmoja, bali ni mabonge ya zaha yaliyorushwa na volkano yakashikanishwa na majivu, tabaka juu ya tabaka. Mpanda baiskeli huona mara moja bonge lililo imara likiwa limefungwa katika saruji dhaifu, na kwamba kulirukia ni kuliomba lichomoke. Hapo majivu yanapooza, na katika joto na mvua za Bugisu huoza upesi, huwa udongo wenye rutuba inayoilisha kahawa na migomba na watu wengi kwa kila kilomita, na pia huwa mfinyanzi, ule ule uliojitenga na kanuni ya Byerlee. Katika miaka ya 1920 mhandisi Karl Terzaghi alieleza kwa hesabu kwamba maji yaliyojaa katika vitundu vya udongo hubeba sehemu ya uzito wake, na sehemu inayobebwa na maji haileti msuguano. Kwa hiyo mteremko uliosimama kiangazi kizima huweza kuondoka usiku mmoja wa mvua pasipo kuongezewa pembe hata digrii 1. Tairi juu ya utando wa tope hupotea kwa sababu hiyo hiyo. Tarehe 1 Machi 2010 mteremko wa Nametsi, wilayani Bududa, uliondoka hivyo ukafukia nyumba na zahanati, na watu zaidi ya 300 wakafa au wakapotea. Oktoba 2018 ikawa zamu ya Bukalasi, katika wilaya hiyo hiyo, watu zaidi ya 40 wakafariki. Na usiku wa kuingia 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika mjini Mbale kwenyewe.

Maporomoko haya aghalabu hutanguliwa na nyufa za mviringo sehemu ya juu ya mteremko, nyuma ya nyumba, kwenye vijia ambavyo mkaguzi wa serikali hafiki ila mara chache na ambavyo kijana mwenye baiskeli hupita kila wiki. Hujitokeza pia chemchemi mahali palipokuwa pakavu, miti huinama upande mmoja, na kizingiti cha mlango hukataa kufungika sawasawa. Mwanafunzi akiuona ufa wa namna hiyo ashuke, asipite juu yake, wala asiruhusu watoto wa kijiji wapafanye uwanja wa kuchezea. Na apigilie vigingi 2 vya mti mgumu, kimoja kila upande wa ufa, na juu ya kila kigingi msumari. Apime kwa utepe wa fundi umbali wa kutoka msumari hadi msumari, aandike tarehe na saa, arudie kila juma na baada ya kila mvua kubwa. Umbali ukikaa pale pale, ufa umetulia kwa sasa. Ukiongezeka, na hasa ongezeko la juma hili likizidi la juma lililopita, mteremko unaelekea kuondoka, na kijiji kilicho chini yake kinapaswa kuhama kabla ya mvua inayofuata; daftari lipelekwe siku hiyo hiyo kwa mwenyekiti wa baraza la kijiji (LC 1) na ofisi ya wilaya, na nakala ya vipimo iachwe kwa mwenye nyumba iliyo karibu na ufa, pamoja na utepe, ili aendelee kupima mwanafunzi atakaporudi chuoni.